Chupa ya Shahidi

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwengine, maana hadithi hii ina daktari mwenye tai, ina msichana mwenye shahada mbili, na ina bibi wa shamba mwenye ulimi kama wembe mpya, na ukiwatazama haraka haraka kila mmoja wao anafaa. Hapana. Mjinga ni mimi, Badar, mwana wa Shangani, dereva.

Udereva sikuanza nao. Duka la marehemu baba lilinifia mikononi. Nikapika halua, halua ikakataa kuganda, watu wakainywa kama uji na kudai wamepunjwa. Nikaingia kazi ya kuwatembeza wageni Jozani kuwaonyesha kima punju, na huko nako kima mmoja akamkojolea mgeni wangu kutoka juu ya mti, sawasawa kichwani. Mgeni hakunisamehe, na aliyeniajiri pia hakunisamehe. Kima ndiye peke yake aliyebaki na kazi yake. Basi mwaka 2002 ulinikuta naendesha gari kuukuu ya mradi, na bosi wangu alikuwa Rasha, mtoto wa ndugu yangu, niliyempakata akiwa hana jino.

Rasha alikuwa na maabara mjini, mtaa wa Vuga, katika chumba cha chini cha nyumba nene ya zamani ambayo hata jua la Machi haliingii. Watu wakiniuliza binti wa marehemu ndugu yangu anafanya kazi gani, nilikuwa nikiwajibu, "Anawachunguza watu wanaokaa ndani ya udongo."

"Ami, si watu," alinirekebisha siku ya kwanza. "Ni bakteria na vijidudu vyengine."

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Wanazaana?"

"Mno."

"Wanagombana?"

"Kutwa kucha."

"Basi hao ni watu wa soko la Darajani, mwanangu. Unanificha nini?"

Alicheka, lakini alinieleza, na mimi nakueleza kama nilivyofahamu. Zamani mtaalamu akitaka kujua wakaazi wa udongo, akiwatia kwenye kisahani chenye chakula na kusubiri waote. Tatizo, wengi wao hawakubali kulelewa nje ya kwao. Wanaokubali kisahani ni wachache, wale wasiokuwa na haya. Kwa hiyo Rasha hawaiti watoke. Anawapasua humo humo udongoni, anatoa vinasaba vyao, ule uzi mwembamba unaobeba asili ya kila kiumbe, kisha mashine inanakili kipande kifupi cha uzi huo tena na tena mpaka kitoshe kuonekana. Halafu vyote huvitia kwenye bapa la jeli na kulipitishia umeme. Kila aina husimama mahali pake. Ukiwasha taa ya zambarau unaona mistari inang'ara, myengine minene, myengine hafifu, na kila udongo una mistari yake, kama pindo la kikoi. Mtu anayejua vikoi akiona pindo tu hukwambia hiki ni kipi, na Rasha alikuwa anajua mapindo ya udongo.

Swali lililomshughulisha lilikuwa la Bi Mwanakhamis, mkulima wa juu ya Mahonda, kwenye njia ya kwenda Mkokotoni. Konde lake la tungule, nyanya kwa watu wa bara, lilikuwa limegawika pande mbili kama nyumba yenye wake wenza. Upande mmoja tungule zilinyauka na kufa zikiwa bado mbichi. Upande wa pili, hatua chache tu, zilizaa mpaka zikavunja vijiti. Mbegu ile ile, mvua ile ile, bibi yule yule. Rasha akitaka kujua ni wakaazi gani waliopo huku na hawapo kule.

Lakini mashine hazikuwa zake. Zilikuwa za chuo kimoja cha bara, zimeazimwa, na msimamizi wake, Dakta Mjaka, alikuwa anakuja kutazama kama maabara ya Vuga inaaminika. Ikiaminika, mashine zinabaki na Rasha anamaliza utafiti wake. Isipoaminika, mashine zinapanda boti kurudi, na Rasha ama azifuate au aache. Kuzifuata hawezi. Mama yake hawezi miguu, na ndugu yangu alishatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo kuacha ndiko kulikokuwa kunamsubiri pale mlangoni, na sote tukijua.

Asubuhi ile Rasha alibaki mjini kuosha maabara kama mtu anayengoja wakwe, akanituma mimi peke yangu kwenda kuchota udongo. Alinipa kikasha cha barafu na chupa saba.

"Ami, tatu hizi upande uliokufa, tatu upande ulio hai. Hii ya saba, yenye utepe mwekundu, usiitie kitu."

"Mbona ina kitu tayari?"

"Ni udongo niliouchoma kwenye tanuri mpaka hakuna kilichobaki. Ukianza kuchota ifungue, iache wazi hapo kando, ukimaliza ifunge uje nayo. Huyo ndiye shahidi wangu. Kama kuna uchafu ulioingia njiani, au humu ndani, yeye ndiye atakayeusema. Akinyamaza tumesalimika."

"Shahidi bubu."

"Bubu ndiye ninayemtaka. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

Neno hilo, "nimefahamu", limenitia hasara kuliko kima yule.

Nilifika kwa Bi Mwanakhamis jua halijakaza. Nikapiga hodi, akanijibu kutoka uani, akiniita Mmanga kama kawaida yake, kwa kuwa babu zangu ni Waarabu.

"Karibu! Leo u peke yako, we Mmanga? Mwalimu wako yuko wapi?"

"Shikamoo Bi Mwanakhamis. Mwalimu yuko mjini anaosha nyumba."

"Marahaba. Basi na akija kwangu aoshe na yangu."

Ni bibi mfupi, mweusi wa kung'ara, mdomo mwekundu kwa jani la tambuu analotafuna kutwa, na macho ambayo hayakosi kitu. Alinitengea muhogo wa nazi na chai, nikala kwanza, kwani Rasha hakunambia nichote na njaa. Kisha nikavaa glavu. Bibi akanitazama mikono.

"Haya, leo unakosha maiti gani?"

"Ndiyo utaalamu, bibi."

"Utaalamu wa kuogopa udongo. Mimi nimeula udongo nilipokuwa na mimba, na mwanangu ni baharia."

Nilichota kama nilivyofundishwa, huku chupa ya utepe mwekundu imekaa wazi juu ya gogo. Nilipomaliza nikaichukua kuifunga. Bibi akaniuliza, "Na hiyo mbona huitii?"

"Hii ina udongo wake uliochomwa. Nimetoka nao mjini."

"Umekuja na udongo wa mjini shambani kwangu?"

"Naam."

"Na unarudi nao?"

"Naam."

Akaacha kutafuna. "We Badar. Mtu akija kwako na chakula chake, akakaa nacho barazani pako, akakifunua, kisha akakifunika akaondoka nacho bila ya kuonja chako, utamwitaje?"

Jina la kumwita mtu huyo nalijua, halisemwi mbele ya bibi.

"Na nikikuletea mchuzi kwa bakuli, bakuli langu utanirejeshea vipi?"

"Na kitu ndani, bibi."

"Na kitu ndani! Tangu niolewe sijarejesha chombo kitupu cha mtu, na leo chupa ya mwalimu ije kwangu irudi na jivu lake, nikae hapa natazama? Mjini watasemaje? Watasema Mwanakhamis hana hata udongo wa kutoa?"

Sasa msomaji unaweza kunicheka, lakini mimi nimezaliwa katika nyumba ambayo mama yangu, siku tusiyokuwa na kitu, aliweka ndimu mbili ndani ya bakuli la jirani kuliko kulirudisha likilia. Maneno ya bibi yalinikamata pale pale penye ndimu. Nikaona haya. Na haya ikishamshika mtu, akili huhama ikaenda kukaa kwa jirani. Nikajiambia, Rasha alisema "usiitie kitu", maana yake mimi. Hakusema asitie mwenye shamba. Hukumu nzuri kama hiyo hata kadhi hakupata kuitoa.

Bi Mwanakhamis hakwenda kondeni. Udongo wa kondeni ulikuwa mgonjwa, na mgeni hapewi kitu kibovu. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mtambuu wake uliopanda mfenesi. Shina la mtambuu ule alilitilia jivu na matumbo ya samaki anayoyaleta mwenyewe kutoka Mkokotoni, na udongo wake ulikuwa mweusi, mororo, unanuka pwani. Udongo huo hakumpa mtu, hata binti yake aliyeolewa Donge aliomba akanyimwa. Alileta nusu kijiko.

"Shika kifuniko," akaniambia.

Nikashika. Akatia, akafunga, akaitikisa chupa kama dawa ya kikohozi, akanirejeshea.

"Sasa nenda. Una uso wa kurudi nao mjini."

Rasha sikumwambia. Si kwa kuficha. Nani huyo anayefika nyumbani akatoa taarifa kwamba amerejesha bakuli na ndimu?

Dakta Mjaka aliwasili na boti ya asubuhi, siku picha ya ile mistari ya jeli ilipokuwa tayari. Ni mtu wa Makunduchi, mrefu, mwembamba, amesoma mpaka sauti yake imekuwa ndogo. Alivaa tai katika joto lile na hakutoka jasho, na mtu asiyetoka jasho mimi humwogopa kidogo. Nilikwenda kuwatafutia kahawa na kashata. Niliporudi niliwakuta wameinamia picha mezani, vichwa vimekaribiana.

Mimi ni mtu wa kutia watu moyo. Nikachungulia. Mistari ilikuwa imesimama safu baada ya safu, na safu ya saba ilikuwa imejaa kuliko zote, mistari minene, inapendeza.

"Mashaallah!" nikasema. "Hii ya saba ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote!"

Rasha alifumba macho.

"Mzee Badar," Dakta Mjaka akasema polepole, "hii ya saba ilitakiwa isiwe na kitu."

Kisha akamgeukia Rasha. "Yale maji matupu uliyoyapitisha kwenye mashine?"

"Safu ya nane. Yako safi, hakuna hata mstari."

"Basi mashine haina kosa. Uchafu umeingia kabla ya mashine, pale unapofungua chupa na kuwapasua. Mezani kwako."

"Meza nimeiosha mpaka mikono imechubuka, Daktari."

"Naiona mikono yako. Lakini shahidi ameshasema, Rasha. Siwezi kurudi nikawaambia wenzangu kwamba safu sita ni za kweli na ya saba tuifumbie jicho. Kama kuna kitu kinaingia bila ya wewe kukijua, hata zile sita hatujui ni za nani. Jumamosi nitaondoka na mashine."

Rasha alianza kupanga vifaa vyake mezani, kimoja kimoja, kwa mstari, kama mtu anayekunja nguo za safari. Nimewaona watu wengi wakipokea hasara, na mwenyewe nimezipokea za kila namna, na najua kwamba anayepiga kelele atapona. Anayepanga vitu ndiye wa kumwogopea.

Nikauliza, ili tu kuwe na sauti chumbani, "Hiyo ya saba ndiyo chupa gani?"

"Ya utepe mwekundu, Ami."

Sinia la kahawa likanielemea ghafla. Nikaliweka chini, juu ya sakafu, maana meza nilikuwa nimeanza kuiogopa.

"Rasha," nikasema. "Ile si imetiwa kitu."

"Imetiwa nini?"

"Udongo. Kidogo tu. Nusu kijiko."

"Na nani?"

"Bi Mwanakhamis. Mimi nilimshikia kifuniko."

Nikawahadithia yote, jivu, bakuli, ndimu za mama, mtambuu na matumbo ya samaki. Nilipokuwa naendelea, uso wa Rasha ulibadilika mara nne au tano, na sikujua utaishia kwenye kunikumbatia au kunipiga na sinia. Ukaishia katikati. "Ami!" akasema, na sauti ilikuwa imejaa machozi na kicheko pamoja.

Lakini Dakta Mjaka alitikisa kichwa, tena kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko kama angenitukana.

"Mzee wangu, mimi pia nina ami. Nikikwama, yeye yuko tayari kusema hata mvua ameiharibu yeye. Nakuheshimu kwa hilo. Lakini mapenzi si ushahidi."

Wallahi, katika maisha yangu nimewahi kuwaambia watu kwamba halua yangu imekusudiwa kuwa laini, na wengine wakaniamini. Siku hiyo nasema kweli, tena kweli ya kunifedhehesha mwenyewe, naambiwa nina moyo mzuri.

"Daktari," Rasha akasema. Alikuwa ameacha kupanga vifaa. "Kama uchafu umetoka mezani kwangu, ungefanana na nini?"

"Na hizo sita. Au na mojawapo. Hizo ndizo zilizopita hapo."

"Hebu itazame tena."

Daktari akachukua lenzi. Akainama. Akakaa ameinama muda mpaka kahawa ikaacha kutoa mvuke.

"Haifanani," akasema mwisho.

"Mistari hii mitatu ya chini haimo katika safu nyengine yoyote," Rasha akasema. "Na huu mnene wa kati pia haumo. Huyu ni mgeni, katoka kwengine kabisa. Ami anasema katoka mtambuuni. Basi tukachote mtambuuni, tumuweke ubavuni mwake tuone. Kama si ndugu, chukua mashine zako."

"Nitachota mimi mwenyewe," Dakta Mjaka akasema.

"Chota."

"Na shahidi mpya nitambeba mimi, mfukoni."

"Mbebe," nikadakia, "ila Bi Mwanakhamis asimwone."

Tulifika shambani, mimi na Daktari, tukapiga hodi mpaka tukachoka. Tulijibiwa na kuku. Jirani akatupigia ukelele kwamba bibi amekwenda Mkokotoni sokoni na hana saa ya kurudi. Dakta Mjaka akalitazama jua, akatazama mfenesi na mtambuu wake, akatoa glavu.

"Daktari," nikasema, "tunachota bila ya ruhusa. Hata chumvi huombwa."

"Nitakuja kuomba radhi matokeo yakitoka."

"Yakitoka mabaya?"

"Nitaomba radhi mbili." Akachota, chupa ya shahidi imekaa wazi kando yake, na mimi nikasimama mbali, mikono nyuma, nisije nikaingiwa na adabu tena.

Siku zilizofuata nilipigwa marufuku kuvuka kizingiti cha maabara. Nilikaa barazani nje, nikipokea salamu za wapita njia na kuwaambia wote kwamba hakuna habari. Ndani, Dakta Mjaka alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa Rasha kama msimamizi wa mtihani, macho hayabanduki mikononi mwake. Rasha alipasua, alisafisha, alipitisha mashineni, alimwaga jeli, aliunga umeme. Nilimpelekea chakula mpaka mlangoni, kikarudi kama kilivyokwenda. Chombo hakikurudi kitupu, lakini si namna ile aliyoikusudia mama yangu.

Ijumaa, baada ya sala, nilisikia umeme wa mashine umezimwa. Nikaanza kusoma kila dua ninayoijua.

"Ami," Rasha akaita. "Ingia."

"Nimeruhusiwa?"

"Ingia!"

Chumba kilikuwa na giza, na jeli ilikuwa inawaka juu ya taa ya zambarau. Rasha hakunieleza kitu. Alinionyesha kwa kidole tu, bila ya kugusa. Safu ya udongo wa mtambuu, alioutoa Daktari kwa mkono wake mwenyewe. Ubavuni mwake, safu ya ile chupa ya utepe mwekundu, iliyopitishwa upya. Mistari mitatu ya chini hapa, mistari mitatu ya chini pale. Mnene wa kati, mnene wa kati. Zilikutana mstari kwa mstari, kama viganja viwili vilivyowekwa pamoja, kidole hakikuzidi kidole. Na pembeni yao, safu ya shahidi mpya, aliyesafiri mfukoni kwa Daktari akarudi bila ya kukutana na bibi yeyote. Nyeusi, tupu kama mfuko wangu tarehe ishirini na tisa.

"Bubu," nikasema.

"Bubu," Rasha akasema, na akaketi pale pale sakafuni.

Dakta Mjaka alilegeza tai. Halafu akaivua kabisa, akaikunja akaitia mfukoni, na ndipo nikaona jasho, jasho zuri la kibinadamu, linamtiririka toka nyuma ya masikio.

"Alhamdulillahi," akasema. "Rasha, nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukuaga. Kwa siku tatu nayapanga na kuyapangua. Mashine zinabaki. Maabara hii imemtambua mgeni wa nusu kijiko, ikajua si wa nyumba hii, na ikajua kwao ni wapi. Mimi ninazo maabara kubwa kuliko hii zisizoweza kuapa hivyo." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Mzee Badar, nisamehe. Ulisema kweli."

"Usijali, Daktari. Sijazoea kuisema, na wewe hujazoea kuisikia."

Alicheka mpaka akashika meza, kisha akakumbuka meza ni safi, akaiacha haraka. Na sisi tukacheka kwa hilo. Rasha kutoka sakafuni akauliza kwa sauti ya mtoto niliyempakata, "Ami, kashata zimebaki?"

Zilikuwa zimebaki. Alizila zote, moja moja, mgongo umeegemea ukuta, macho yamefumba, na mimi nilisimama pale namtazama anavyotafuna, na kifua changu kikawa chepesi kama mtu aliyevua viatu vya kuazima. Nimekula harusi za matajiri, sijaona karamu kama ile.

Jumamosi, kabla ya boti, Dakta Mjaka alisema tupite kwa Bi Mwanakhamis kutimiza ahadi ya radhi. Hatukwenda mikono mitupu, hilo nililisimamia mimi: sukari, kahawa, na changu wawili wakubwa, matumbo yao yamo ndani kwa ajili ya mtambuu. Rasha naye alikuja. Bibi alitupokea barazani, akapokea samaki, akawapima kwa macho, akaridhika. Daktari akakiri kwamba alichota udongo wake naye hayupo.

"Kuku walinambia," bibi akasema. "Nimesamehe. Mwanangu wa Makunduchi hukufunzwa kuomba, si kosa lako."

Daktari akameza hiyo. Angenyamaza hapo tungerudi mjini salama. Lakini mwalimu ni mwalimu, na moyo wake ulikuwa mwepesi siku hiyo, akaona afundishe.

"Ila bibi, na mimi nina neno dogo. Ile chupa ya utepe mwekundu, siku nyengine usiitie kitu. Ilikuwa karibu kumwachisha Rasha kazi."

Bibi akamtazama Rasha, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameshituka. "Kweli, mwanangu?"

"Yamekwisha, bibi," Rasha akasema. "Mashine zimebaki."

"Alhamdulillahi." Akamrudia Daktari. Tambuu likahama shavu. "Hebu nifahamishe. Chupa ile kazi yake ni nini?"

"Ni shahidi. Inatwambia kama kumeingia kitu kisichotakiwa."

"Kikaingia?"

"Kiliingia bibi, si ulikitia wewe! Ndiyo maana nasema mila ni nzuri, mimi pia nimelelewa nazo, lakini utafiti una adabu zake, na mtu akishatia mkono wake..."

"Ngoja. Kikaingia. Ikakwambieni?"

"Ilitwambia, ndiyo, lakini..."

"Na mkajua ni cha mtambuu wangu, si cha kondeni wala si cha mjini?"

"Tulijua."

"Basi chupa imesema kweli, mashine imesema kweli, na huyu Mmanga maskini amesema kweli mkamkatalia. Sasa hapa wa kugombezwa ni mimi?"

Daktari akajifuta jasho, akaomba ile radhi ya pili.